Nani Ana Nauli ya Kujitolea?

Matangazo ya kujitolea ya asasi nyingi za Dar es Salaam yanafanana. Mwombaji awe na shahada, azungumze Kiingereza fasaha, awe na kompyuta yake. Malipo hakuna. Ofisi iko Mikocheni au Msasani, kazi yenyewe iko Mbagala au Tandale. Ukiyasoma vizuri utaona yanamtafuta mtu mmoja tu: kijana aliyemaliza chuo juzi, anayekula na kulala kwa wazazi.

Nimewahi kukaa kwenye usaili wa namna hiyo, upande wa wanaouliza. Akaingia mama wa Mbagala, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayezijua kaya za mtaa wake kuliko mjumbe. Akatakiwa ajieleze kwa Kiingereza. Alinyamaza kidogo, akajieleza kwa Kiswahili, tena vizuri, na mwenzangu akampa alama za chini. Mradi ulikuwa wa kuzungumza na wajawazito wa hukohuko Mbagala! Kiingereza kilihitajika kwenye ripoti ya mfadhili, na ripoti huandikwa na mtu mmoja.

Sheria zipo. Ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Asasi nyingi ninazozijua zina watu kumi, kumi na wawili. Hesabu hiyo haizifikii, sembuse wanaojitolea.

Wapo waliofanya tofauti bila kungoja sheria. Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 kuchora ramani za kata zinazofurika jijini, uliwaweka pamoja wanafunzi wa vyuo na wakazi. Mwanafunzi anajua kifaa. Mkazi anajua mtaro upi huziba masika yakianza na maji yaliishia wapi ukutani. Sidhani hata mmoja wao alikuwa wa kusaidiwa tu. Kazi isingekamilika bila wote wawili.

Kwetu mambo yalianza kubadilika pale tangazo lilipobandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na usaili ukafanyika hapohapo, kwa Kiswahili, maana ofisi yetu iko ghorofani na lifti hamna. Nauli ikaanza kutolewa asubuhi badala ya kurudishwa mwisho wa mwezi kwa risiti. Kondakta gani wa daladala ana muda wa kukuandikia risiti?

Wakaja fundi cherehani, mwalimu mstaafu, kijana wa kiti cha magurudumu. Vikao vikawa virefu, na wapo waliolalamika kwamba kazi haiendi. Mama mmoja aligomea dodoso letu lililoanza na kipato: mtu hajakukaribisha hata mkekani, tayari unamuuliza anaingiza shilingi ngapi? Vijana wakashikilia kuwa dodoso limeshapitishwa na mfadhili. Ubishi ukaenda mpaka saa nane mchana, chakula kikapoa. Swali la kipato likahamishiwa ukurasa wa mwisho, na barua kwa mfadhili akapewa kijana mmoja aiandike, kwa Kiingereza.