Kwihara Inahitaji Sauti

Kumbukumbu ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, kwa muda mrefu tuliikabidhi kwa majengo. Tembe ya Kwihara, nyumba ya makumbusho karibu na Tabora, inajulikana kwa sababu Stanley alikaa pale mwaka 1871, akarejea na Livingstone mwaka uliofuata. Wageni wawili hao nyumba inawasimulia vizuri. Lakini msafara ulikuwa kirangozi aliyevaa joho jekundu akitangulia, baragumu, ngoma, na wapagazi wa Kinyamwezi wakiitikia nyimbo huku pembe za ndovu zikiwaelemea mabegani, kazi ambayo reli iliipokonya ilipofika Tabora mwaka 1912. Ukuta unamtunza aliyelala ndani yake. Aliyepita akiimba huuponyoka.

Sanaa yetu imekuwa ikisogea kumfuata huyo mpita njia. Mwaka 1998 Clara Sörnäs aliweka Mji Mkongwe, Zanzibar, sanamu za zege za watumwa, zimo shimoni na minyororo shingoni. Mtazamaji husimama juu akaziangalia. Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kusomea sanaa Cape Town, ameshika njia nyingine: video, sauti, maandishi na mwili wake mwenyewe, akishirikiana na mama yake, mwandishi Demere Kitunga, na kuchota simulizi za bibi yake. Humo neno la bibi ni ushahidi kamili, halingoji mhuri wa nyaraka. Kwa Tabora hilo ni jambo zito, maana wapagazi hawakuacha shajara. Walioziacha ni mabwana zao.

Ndiyo maana nataka sauti na video ziwekwe ndani ya tembe ya Kwihara. Atauliza mtu: sauti za mwaka 1871 mtazitoa wapi? Hazipo, na kuzitunga si kuwadanganya watu? Ni swali la haki. Ila tembe yenyewe tunayoionyesha imejengwa upya, na sijasikia anayeiita uongo. Kinachotakiwa ni kibao kitakachosema wazi kipi cha kale na kipi cha leo. Mimi naogopa zaidi umeme. Projekta ikiungua Kwihara, fundi na vipuri viko mbali, na chumba chenye mtambo mfu ni kibaya kuliko kabati la picha zilizofifia. Kwa hiyo ningeanza na spika mbili na wazee wanaozijua nyimbo za kazi za Kinyamwezi, walipwe kama wasanii. Video itafuata bajeti ikiruhusu.