Kifaa Kimoja au Viwili?

Je, kompyuta yenye kifaa cha kuchoma CD yahitaji kisomaji cha pili? Hapa Rusizi, ambako ukivuka mto wafika Bukavu, mimi hurekodi mazungumzo ya Kiswahili na kuwagawia wanafunzi katika CD. Kifaa kichomacho husoma pia: huhamishia nakala kwenye kompyuta, kisha huichoma katika CD tupu ya megabaiti 700. Kisomaji cha pili huokoa dakika chache na kupunguza uchakavu wa cha kwanza, basi. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na vitabu havijatutosha. Fedha ya shule ni mali ya umma: kifaa kimoja chatosha, kinachosalia kinunue kamusi.