Nusu ya Kitabu

Kitabu kile tulikinunua wawili, mimi na jirani yangu wa mlango wa tatu, kwenye meza ya vitabu vikuukuu karibu na kituo cha 56, Kawangware, Nairobi. Mwaka ulikuwa 2007, nasi tulikuwa darasa la nane. Kilikuwa kitabu cha marudio cha Masomo ya Jamii na Dini, karatasi ambayo sisi tuliendelea kuiita GHC (Jiografia, Historia na Uraia), jina tulilolirithi kwa kaka na dada zetu. Kila mmoja alitoa nusu ya bei. Kwa kuwa kila mmoja alitaka kulala nacho, tulikipasua kwa wembe kwenye uti: nusu ya Jamii, nusu ya Dini. Kila Jumamosi tulibadilishana.

Karatasi hiyo ilikuwa na maswali 90 na muda wa saa 2 na dakika 15. Sitini yalikuwa ya jamii, thelathini ya dini, na ndiyo iliyofunga KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hesabu ilikuwa na mipaka yake, lakini GHC haikuwa na ukingo. Mtoto wa miaka 14 alitakiwa aijue nchi nzima: mpunga wa Mwea, magadi ya Ziwa Magadi, Koitalel arap Samoei aliyewaongoza Wanandi hadi akauawa mwaka 1905, Mekatilili wa Menza kule Giriama, Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na mikoa yote 8 na mazao yake.

Maswali ya kwanza yalitoka kwenye ramani ya mahali pasipokuwepo duniani. Unaona kiwanda, shamba la kahawa, reli, kanisa, kambi ya chifu. Kwa alama hizo unatakiwa useme watu wa hapo wanaishi kwa kazi gani, wanaabudu nini, na nani anawatawala. Ukiona herufi DO, kiongozi ni mkuu wa tarafa. Ukiona DC, ni mkuu wa wilaya. Mwenzangu aliisoma ramani kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa nikihesabu alama, yeye alikuwa akiwaona watu.

Maji ya ploti yetu yalikuwa ya kununua. Tulipanga foleni na mitungi ya lita 20, na hapo ndipo tuliposomea mabwawa ya Mto Tana kwa kufuata maji yanavyoteremka: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Anayekosea anarudi mwisho wa foleni. Usiku tulikaa chini ya balbu ya korido hadi mwenye ploti alipoizima saa nne. Mama yake alikuwa akiuza omena, na kilichobaki jioni tulikula sote, watoto wa milango miwili, sahani moja.

Kulikuwa na mada moja ambayo mwalimu wetu aliiita maksi za bure: umoja wa kitaifa. Yanayoujenga ni lugha ya taifa, elimu, biashara, michezo, na watu wa makabila mbalimbali kuoana. Yanayoubomoa ni ukabila, upendeleo na ufisadi. Swali likija, unachagua kati ya A, B, C na D, unapaka penseli ya HB, unaendelea. Katika majaribio yote ya mwaka ule, hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kulikosa.

Tulifanya mtihani Novemba. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba, na matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30. Usiku huo Kawangware ilianza kujigawa kwa lugha. Watu waliotumia choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo walianza kuulizana kwao ni wapi. Asubuhi moja nilisikia mkokoteni ukipakiwa nje. Mama alisema tusitoke. Nilichungulia pembeni ya pazia nikaona godoro lao, jiko lao, na beseni la omena likiwa tupu juu ya mzigo.

Mwenzangu alikuja mlangoni akabisha hodi mara mbili. Sikufungua. Mpaka leo sijui kama alikuja kuniaga au kuchukua kitabu. Nusu ya Jamii ndiyo iliyobaki kwangu baada ya mtihani, na ndiyo iliyokuwa na sura ya umoja wa kitaifa.

Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini katika ghasia za baada ya uchaguzi huo. Mapatano ya kuzimaliza yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza nikiwa na alama nzuri za GHC. Yeye sikumwona tena. Mmoja aliniambia yuko Kakamega, mwingine akasema alivuka kwenda Uganda. Nimeuliza kituoni miaka mingi.

Mengi tuliyoyakariri yamepitwa na wakati. Katiba ya 2010 iliondoa mikoa 8, na tangu uchaguzi wa 2013 tuna kaunti 47. KCPE yenyewe, iliyoanza mwaka 1985, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Lakini ile sura ya maksi za bure haijapitwa. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, vibanda viliteketezwa tena papa hapa 56, na waliochoma walikuwa watu waliosoma sura ileile niliyoisoma mimi.

Mwanangu sasa yuko gredi ya nne. Masomo yake ya jamii huanzia karibu, kwenye kaunti yake. Juzi alileta kazi ya kuchora ramani ya mtaa wetu. Akachora kituo, bomba la maji, msikiti, soko, nyumba za mabati. Kisha akaniuliza ni nani wanaokaa kila nyumba, kwa sababu alitaka kuandika majina. Nilijua majina ya nyumba mbili tu. Tulitoka pamoja tukaenda kuuliza mlango kwa mlango. Tulipomaliza nilimwonyesha nusu ya kitabu, naye akaniuliza nusu ya pili iko wapi. Nilimweleza yote, pamoja na ule mlango.

Uchaguzi mkuu mwingine umepangwa Agosti 2027. Mzazi mwenzangu, mtoto wako akikutajia yale yanayojenga umoja wa taifa, usiridhike kwamba amepata jibu. Mshike mkono mkawasalimu majirani, muwajue kwa majina, sasa kabla ya kampeni. Na siku ikiwa mbaya, jirani akibisha hodi, fungua.