Bima ya Kiu Kali: Jumapili Moja Katika Baa ya Kijiji cha Eizeringen

Hebu nikuulize swali. Umewahi kuona baa ambayo Jumamosi usiku, wakati wenye baa wengine wanahesabu noti, mlango wake umefungwa kwa kufuli, kisha Jumapili asubuhi watu wakitoka kanisani inafunguliwa?

Mimi nilipoambiwa habari hiyo nilidhani ni mzaha. Lakini baa hiyo ipo, tena ipo kijijini, mkabala wa kanisa, katika nchi ya Ubelgiji. Hufunguliwa Jumapili, sikukuu za kanisa, na siku ambayo kijiji kimemzika mtu wake. Inaitwa In de Verzekering tegen de Grote Dorst. Kwa lugha yetu tungesema "Kwenye Bima Dhidi ya Kiu Kali".

Usigeuze ukurasa ukidhani kwamba leo nimekuja kukufundisha ulevi. Mimi mwenyewe si mnywaji wa kutajwa. Glasi moja hunitosha mpaka mwezi uandame. Nilikwenda huko kwa sababu rafiki yangu anayesoma Brussels aliniambia kuwa wajuzi wa bia hutoka nchi za mbali kwenda kutafuta chupa adimu katika nyumba hiyo ndogo. Nikataka kuona kwa macho yangu. Nilirudi na jambo jingine kabisa, nalo ndilo nitakalokusimulia.

Njiani

Kijiji cha Eizeringen kiko katika manispaa ya Lennik, magharibi ya Brussels, chini ya kilomita 20. Kwa umbali ni kama kutoka katikati ya Nairobi hadi Kikuyu. Lakini usidanganywe na ramani. Siku ya Jumapili mabasi ya mashambani ni machache, na ukilikosa moja utasimama barabarani mpaka miguu ikulaumu. Hakuna makanga wa kukuita wala matatu ya kukungoja ijae. Basi hufika kwa saa yake na kuondoka kwa saa yake, uwe umo au humo.

Ukishauacha mji, utaingia katika nchi ya vilima vidogo inayoitwa Pajottenland. Utaona mashamba ya ngano na viazi, ng'ombe walionenepa, na hapa na pale wale farasi wakubwa wa kazi, wenye miguu minene kama nguzo. Mchoraji mashuhuri Pieter Bruegel alizijua sana sehemu hizi. Katika picha yake ya mwaka 1568 inayoonyesha vipofu wakiongozana mpaka shimoni, kanisa linaloonekana nyuma yao ni la kijiji cha Sint-Anna-Pede, nalo limesimama hadi leo. Kwa hivyo ukikaa dirishani mwa basi, jua kwamba unapita ndani ya picha.

Nilishuka Eizeringen nikiwa peke yangu. Kengele za kanisa zilikuwa zimenyamaza. Baa yenyewe ni nyumba ya kawaida ya kijijini, na mwenye haraka ataipita asijue.

Mlangoni

Ukifika, usiingie kimya kimya kama mtu anayeingia benki. Hapa ni kijijini. Fungua mlango, salimia, kisha funga mlango nyuma yako ili baridi isiwaingilie wenzako.

Nakiri kwamba moyo ulinidunda. Nilipoingia, mazungumzo yalikatika na vichwa vyote vikageuka. Wazee walikuwa wakicheza karata, kina mama waliotoka ibadani wameketi na makoti yao, watoto wanakunywa soda, na mimi Mwafrika pekee nimesimama mlangoni na begi langu. Nikatamka salamu yangu ya Kiholanzi ambayo nilikuwa nimeikariri ndani ya basi. Mzee mmoja akavuta kiti kilichokuwa kando yake, akakipigapiga kwa kiganja. Hapakuhitajika mkalimani. Nikaketi, na mazungumzo yakaendelea pale yalipokatikia.

Aliyekuwa akihudumu hakunikimbilia na orodha ya bei. Aliniuliza kwanza kama nimewahi kuonja kitu kichachu. Nilipomwambia kwamba Pwani tumekulia kwenye ukwaju na maembe mabichi, alicheka, akaniletea kiasi kidogo tu cha kuonja. Baadaye akaleta chupa ikiwa imelazwa ubavu ndani ya kikapu kidogo cha fito. Huilaza hivyo, na kuimimina polepole ikiwa humo humo kikapuni, ili masimbi yaliyotuama yasivurugike. Pamoja nayo hufuata mkate wenye jibini laini, figili na vitunguu, ambacho ndicho chakula cha asili cha sehemu hizo. Ukikihitaji, usione haya kuagiza. Ukitaka kahawa badala ya bia, agiza pia. Hakuna atakayekukunjia uso.

Hamira isiyonunuliwa

Sasa nikueleze kuhusu bia hii, maana hapa ndipo kiini cha safari yangu.

Bia tunayoijua sisi ya kwenye chupa hutengenezwa kwa hamira iliyofugwa na kuchaguliwa kiwandani. Bia ya Pajottenland, inayoitwa lambic, haitiwi hamira yoyote. Watengenezaji huchemsha kimea cha shayiri pamoja na ngano mbichi, wakatia hopsi zilizowekwa kwa muda mrefu mpaka zikapoteza ukali wake. Jioni humwaga mchuzi huo wa moto katika sinia kubwa la chuma lenye kina kifupi, lililo wazi, juu darini. Hufungua madirisha, wakaenda kulala. Usiku kucha hewa ya baridi hupita juu yake ikibeba hamira za mwituni, na asubuhi mchuzi huingizwa katika mapipa ya mwaloni. Humo mapipani huchacha wenyewe kwa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Kazi hii hufanywa miezi ya baridi tu, kwa kuwa wakati wa joto hewa huleta vijidudu vya kuharibu.

Wachanganyaji hodari huchukua lambic ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya mitatu, wakaziunganisha na kuzitia chupani ili zichache tena. Hiyo ndiyo gueuze, nayo hutoa povu kama mvinyo wa arusi wa Kifaransa. Wakiloweka matunda ya cheri pipani, huitwa kriek, na rangi yake ni nyekundu kama rozela.

Nilipoinua glasi, kabla hata sijaonja, harufu ikanipiga. Harufu ya uchachu, ya mbao kuukuu, ya zizi la mifugo. Nikaishusha tena mezani. Naam, nilikuwa nimeijua harufu ile maisha yangu yote.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema huko Rabai. Alfajiri alipanda minazi na kisu chake kiunoni, akakata kijisehemu cha karara, akaning'iniza kibuyu. Jioni akapanda tena. Hakutia hamira, hakutia sukari. Tembo lilianza kutoa povu lenyewe hata kabla hajashuka nalo. Nilipomuuliza ni nini kinacholichemsha bila moto, alinijibu kwamba ni upepo. Nikiwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni, mvulana mmoja alisema nguo zangu zinanuka mangwe. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo, nikiulizwa kazi ya babu nilisema ni mkulima. Siku ya wazazi sikumwalika kamwe, naye hakuniuliza kwa nini.

Pale Eizeringen nilimuuliza yule mhudumu swali lile lile: hamira ya bia hii hutoka wapi? Alinyoosha kidole kuelekea dirishani, kwenye mashamba.

Nilinyamaza kwa muda. Yule mzee wa karata akadhani bia ni chachu mno kwangu, akanisogezea mkate.

Baa iliyokaribia kufa

Usidhani kwamba Wabelgiji waliithamini bia hii siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji na wachanganyaji wa lambic walikuwa mamia. Kisha zikaja bia nyepesi za viwanda vikubwa na vinywaji vitamu, na vijana wakaona uchachu ni mambo ya babu zao. Kufikia miaka ya 1990 waliobaki walikuwa wachache sana. Mwaka 1997 baadhi ya waliosalia waliunda chama chao kinachoitwa HORAL ili kuilinda kazi hiyo.

Baa yetu nayo ilikuwa njia moja na bia yake. Bibi mzee aliyeiendesha kwa miaka mingi alifika umri wa kupumzika, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 ikafungwa. Fikiria kijiji ambacho watu wakitoka kanisani hawana pa kuketi, na wakitoka makaburini kila mmoja anakwenda nyumbani kwake na huzuni yake. Ndugu wawili wakaichukua, wakaifungua tena, na hawakuigeuza kuwa ukumbi wa muziki wala hoteli ya watalii. Waliiacha na sura yake ya zamani, na wakaiacha na siku zake: Jumapili, sikukuu na mazishi. Hesabu mwenyewe: baa ya siku moja kwa wiki haiwezi kumtajirisha mtu. Lakini wakaijaza chupa za lambic ambazo ni vigumu kuzipata kwingineko, na ndizo zinazowaleta wageni kama mimi. Mgeni huja kwa ajili ya chupa, na pesa zake humwekea mwenye kijiji mlango wazi.

Moyo huo wa ujirani haukuishia hapo. Katika mji wa Beersel, upande mwingine wa Pajottenland, kuna nyumba ya wachanganyaji iitwayo 3 Fonteinen. Mwezi Mei mwaka 2009 kifaa cha kupimia joto kiliharibika ghalani. Joto likapanda, chupa zikapasuka, na makumi ya maelfu ya chupa za gueuze yakaharibika. Mwenyewe, Armand Debelder, alikaribia kufilisika. Wapenzi wa bia yake wakaja kujitolea, wakafungua chupa zilizosalia moja baada ya moja, na bia ile ikakenekwa kuwa kinywaji kikali kilichouzwa ili kuiokoa nyumba. Marehemu Debelder, aliyefariki mwaka 2022, aliishi kuona kazi yake ikisimama tena. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Ama kweli, mali bila daftari huisha bila habari, na hawa walilifungua daftari lao kabla mali haijaisha.

Ukitaka kwenda

Ukipata nasibu ya kufika Brussels, kwa masomo au kwa ziara, panga Jumapili yako mapema. Hakikisha siku hiyo baa imefunguliwa, na uangalie saa ya basi la kurudi kabla hujaketi. Usiende na gari ukitaka kunywa. Kula kwanza. Agiza chupa moja mgawane wawili au watatu, kwa maana chupa kubwa ya gueuze si ya mtu mmoja. Usipige picha za watu ovyo. Wapo nyumbani kwao. Na ukikuta watu wamevaa nguo nyeusi, jua kwamba wametoka kuzika. Wape pole, ukae pembeni, ungoje wao waanze kuzungumza.

Nilipoinuka kuondoka, yule mzee aliyenivutia kiti alinishika mkono akasema neno ambalo sikulielewa. Mhudumu akanitafsiria: anauliza kama kwenu mnacho kinywaji cha namna hii.

Miaka iliyotangulia ningejibu kwamba hatuna. Siku hiyo niliketi tena, basi likanipita, nikawaeleza habari za minazi, kisu, karara na kibuyu. Nikachora mnazi kwenye karatasi. Waliuliza maswali mengi, na moja likanishinda: jina la mtu aliyemfundisha babu kugema. Sikulijua, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza.

Niliporudi Kenya nilikwenda Rabai. Babu ameshalala chini ya minazi yake miaka mingi, lakini mjomba angali hai, na kisu cha babu bado anacho. Nilimsalimu, nikaketi mkekani, nikaanza kumuuliza.