Shamba la Babu

Nyumbani kwetu ni Kasese, Uganda, karibu na mto Nyamwamba utokao katika milima ya Ruwenzori. Huko juu, Kilembe, shaba ilianza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1956, na masalio ya mawe yaliyosagwa yakarundikwa bondeni. Mwezi wa Mei 2020 mto ulifurika, ukayachota na kuyaleta chini. Nusu ya shamba la babu ikawa bwawa la matope ya kijivu.

Miezi ikapita, bwawa halikukauka. Nilichukua matope kidogo katika chupa, nikampelekea mwalimu wetu. Mchanga ulitua upesi, lakini unga mwembamba ulielea siku nyingi. Mwalimu alitueleza kwamba chembe zake ni ndogo mno, nazo husukumana, kwa hiyo maji hubaki katikati yao. Akatia chokaa, chembe zikashikamana na kuzama. Migodi mikubwa hutumia dawa zifanyazo kazi hiyo hiyo, kisha huyakamua matope au kuyatandaza juani.

Basi likizo ilipofika, mimi na babu tulichimba mifereji. Maji yakatoka, nchi ikakauka, nasi tukapanda maharagwe kwa furaha. Yakaota manjano, yakafa. Babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, si ulisema ardhi imepona?" Niliona haya sana.

Nilidhani kukausha ndiko kuponya. Kumbe masalio yale yana salfa, nayo ikipata hewa na mvua hufanya asidi, na asidi huyeyusha shaba hata ikafika mizizini. Tulipoondoa maji, tuliifungulia hewa mlango! Tena maji yale tuliyaelekeza mtoni bila kuyatibu, nako majirani huchota.

Huko Kanada, bwawa moja la mabaki ya mchanga wa mafuta, lililoanza kutumika mwaka 1967, lilifunikwa udongo na kupandwa miti mwaka 2010. Ukubwa wake ni hekta 220. Hata hivyo, matope laini yalihamishiwa bwawa jingine kwanza. Ikiwa matajiri walingoja miaka 43, mimi nilitaka msimu mmoja!

Sasa tumetia chokaa na samadi, tukaleta udongo safi, tukapanda majani badala ya chakula. Pembe moja imeanza kuwa kijani. Babu bado hawaruhusu mbuzi wake kula pale, wala mimi simwambii tena kwamba ardhi imepona. Wahenga walisema kweli: mwenye pupa hadiriki kula tamu.