Komenti Si za Kompyuta

Wasee, kama umewahi kuhama kutoka lugha moja ya programu hadi nyingine, unajua hii taabu. Umezoea Python, unaweka # mbele ya komenti na maisha yanaendelea. Unaingia JavaScript, unaweka # ile ile, programu inagoma. Huko wanataka //. Rudi Python na // yako, nayo inakataa, kwa sababu kwake hiyo ni alama ya kugawanya. SQL inataka vistari viwili, --, lakini kwa C vistari hivyo vinapunguza namba kwa moja. CSS inakubali /* */ peke yake. HTML ndiyo imezidi: unafungua na <!-- halafu unafunga na -->.

Si ukorofi. Alama za kibodi ni chache, na kila lugha ilikuwa imeshazipa nyingine kazi. Zingine ni urithi tu. Ile // ilitoka BCPL, lugha ya 1967. C ikaiacha, C++ ikairudisha, kisha C yenyewe ikaikubali rasmi 1999. JSON nayo haina komenti kabisa. Douglas Crockford alizitoa alipoona watu wanazitumia kupitisha maagizo kwa programu zinazoisoma.

Lakini alama zote hizo zinasema kitu kimoja: kompyuta, ruka hapa, watu wanaongea.

Sasa kama ni watu wanaongea, mbona tunaongea kama tuko kwa interview? Maneno kama if na while ni ya Kiingereza, utake usitake. Komenti ni sentensi zako mwenyewe. Mimi zangu naandika kwa Kiswahili. Kwa programu yangu ndogo ya kuhesabu nauli kuna mstari huu:

# usitoe hii, mtoto wa shule analipa nusu

Binamu yangu wa sekondari aliusoma akaelewa, na ndio mwanzo anajifunza Python. Hakuniuliza swali.

Kuna wale huniambia ati hiyo si kazi ya mtu serious. Sawa, kama unafanya kazi na watu wa nchi zingine, andika lugha mnayoelewana wote. Hiyo ni heshima. Lakini nyinyi ni wanne, mko darasa moja hapa Nairobi, mnapiga story kwa Kiswahili siku nzima. Mbona mkifika kwa komenti mnaandikiana Kiingereza cha kubahatisha, chenye hata aliyekiandika hatakielewa baada ya miezi mitatu?

Na ukiandika, andika sababu. Kusema "ongeza moja" juu ya mstari unaoongeza moja ni kupoteza wino. Sema kwa nini unaongeza. Pia chunga: kompyuta kuruka komenti haimaanishi watu hawaioni. Komenti ya HTML inatumwa hadi kwa simu ya kila anayefungua ukurasa wako, kwa hivyo usiache neno la siri humo.

Enyewe, wengi wetu tunaacha hii kitu mapema tukidhani hatuna akili ya kompyuta, kumbe tulikosa tu mtu wa kutueleza kwa lugha ya nyumbani. Komenti moja inaweza kuwa huyo mtu.

Wewe huandika zako kwa lugha gani?