Kusimama Nje ya Mlango

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Musa anamwagiza mtu aliyemkopesha jirani yake asiingie nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani. Asimame nje, na mdeni mwenyewe amletee. Agizo hilo hutushangaza kila tunapolisoma katika shirika letu, kwa kuwa haki ya mkopeshaji haikukanwa: deni ni deni, na rehani ni rehani. Kilichokatazwa ni kuvuka kizingiti. Nasi tulio na vyumba viwili vitatu vya kupangisha hapa Kilembwe twaona kwamba neno hilo latugusa zaidi, maana mlango tunaokatazwa kuuvuka tumeutengeneza wenyewe, kwa mbao tulizozinunua wenyewe.

Huku kwetu hakuna wakala wa nyumba. Mwenye nyumba ndiye mkusanyaji wa kodi, ndiye fundi wa mabati yanayovuja, na mara nyingi ndiye mwamuzi katika shauri lake mwenyewe. Wapangaji wetu ni walimu, wauguzi, wachuuzi wa mafuta ya mawese, vijana waendao kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, na jamaa waliokimbia vita wakafika na godoro moja kichwani. Mapatano hufanywa kwa mdomo. Zamani yalitosha, kwa kuwa watu walijuana hata ukoo. Leo anayepanga ametoka mbali, na akiondoka huenda tusimwone tena.

Sheria ya nchi ipo. Ni ile namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Yataka mkataba uandikwe, na mwenye nyumba aikague nyumba pamoja na mpangaji ili hali yake ijulikane. Garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Anayetaka kuirudisha nyumba yake mikononi mwake ampe mpangaji taarifa ya miezi mitatu. Wapo kati yetu wanaonung'unika, wakisema garanti ya miezi sita ndiyo inunuayo mabati. Manung'uniko hayo si ya kudharauliwa, kwani mtu wa kijijini asiye na benki atajengaje? Lakini garanti ni fedha ya mpangaji iliyowekwa kwetu. Anayeitumia yote kununua mabati amekopa kwa mpangaji wake, na siku mpangaji akiondoka, mdeni ni mwenye nyumba. Hapo andiko la Musa lageuka upande wa pili.

Tutaje jambo moja lililotokea kwa mjane wa shirika letu. Mwalimu aliyepanga kwake alikaa miezi minne bila kulipa, kwa sababu mshahara wake ulichelewa. Vijana wa mjane wakaja na nyundo ili wang'oe mlango na kuondoa mabati juu ya kichwa cha mwalimu, kama ilivyozoeleka mahali pengi. Walidhani hakuna kosa katika kubomoa mali ya mama yao. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 34, yaitaja mali ya mtu binafsi kuwa takatifu. Lakini ibara ya 29 yasema makao ya mtu hayaingiliwi ila kwa njia zilizowekwa na sheria. Nyumba ilikuwa mali ya mjane na makao ya mwalimu kwa wakati uleule. Kama mvua ingelowesha vitabu na nguo zake, au redio ikapotea katika vurugu, mjane angeulizwa yeye, kwani sheria yetu ya madeni na mapatano, ya tangu mwaka 1888, humtaka aliyesababisha hasara ailipe. Mwenye kudai angegeuka mwenye kudaiwa.

Mjane aliwazuia vijana wake. Wazee wawili wa shirika wakaitwa pamoja na mkubwa wa kijiji, na ugumu ukaonekana mara moja: mwalimu alisema alitoa garanti ya miezi sita, mjane alisema ni minne, na hakuna aliyekuwa na karatasi. Jioni nzima ikaisha katika hesabu hiyo. Hakuna aliyesema deni lisamehewe, kwani mjane naye ana watoto wa shule, na kodi ile ndiyo chumvi na sabuni yake. Walikubaliana juu ya miezi mitano, deni likatolewa humo, na mwalimu akaandikiwa abaki hadi mwisho wa mwaka wa shule, akilipa kila apatapo mshahara.

Kuna tatizo lingine chini ya nyumba zenyewe. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni ya Serikali, na wengi wetu tumejenga kwa neno la chifu tu, au kwa karatasi yake. Atakayefika mbele ya hakimu ataombwa aonyeshe haki yake, kwa hiyo karatasi hiyo isiachwe kwa mchwa.

Tangu shauri lile twatumia daftari la shule: ukurasa mmoja kwa kila nyumba, nakala mbili, kiasi cha garanti kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi kwa kila kodi iliyopokelewa. Asiyejua kusoma husomewa kwa Kiswahili au kwa Kibembe kabla ya kutia dole gumba. Mzee mmoja alikataa kwanza, akiuliza kama twamdhania mwizi. Mpangaji wake, muuguzi, ndiye aliyenunua daftari akamletea, akasimama nje akingoja.